Kombe la Kulia

Debrecen, Januari. Theluji imesinyaa kando ya reli ya tramu.
Chumbani mna kitanda kimoja, hita inayokoroma,
vyuma viwili vya kilo moja na nusu,
na Etelka, golikipa, miaka thelathini na mmoja.
Amevua fulana, ametugeuzia mgongo
kama mtu anayewakabidhi wageni ufunguo wa nyumba.

"Inua," asema Réka. Mara tano mbele, mara tano pembeni.
Taratibu kupanda, taratibu zaidi kushuka,
maana ni katika kushuka ndipo mfupa husema kweli,
au ndivyo tulivyofundishwa.

Mfupa huu lugha hii huuita kombe.
Kombe: lile Etelka alilolinyanyua mara moja, mjini Szeged,
mkono ungali unatii.
Kombe: ile sahani iliyoandikwa kwa zafarani,
maandishi yakaoshwa, mgonjwa akayanywa.
Na kombe hili, pembetatu iliyolala juu ya mbavu
bila kushikizwa ila kwa nyama na mazoea,
linateleza, linatuna, linachomoza ukingo
kama bawa la kuku aliyenyeshewa.

Au halichomozi. Hapo ndipo kazi.

Réka atia nukta ya wino kwenye ncha ya chini,
apima kwa utepe hadi uti wa mgongo: sentimita tisa na nusu.
Aandika. Akunja karatasi.
Kisha pamba, spiriti, na nukta yafutwa
Vilmos asije akaikuta, akaiamini.
Hapa hakuna anywaye. Wino huoshwa ili usahaulike,
macho ya pili yaje na njaa yao wenyewe.

Vilmos aingia. Vidole vyake baridi;
Etelka ashtuka, na kombe nalo lashtuka.
(Hilo halina nafasi kwenye fomu.)
Nukta yake yaangukia upana wa kidole kushoto.
Sentimita nane.

Mwendo? Réka: si wa kawaida. Vilmos: wa kawaida.
Jumatano, Vilmos huyohuyo, mgongo uleule:
si wa kawaida, kidogo.
Kidogo!
Macho hayana pazia, husemwa. Lakini yana desturi,
na kila jozi imelelewa kwao.

Migongo arobaini tuliisoma hivyo:
fundi wa lipu za dari, waogeleaji, mpiga fidla mmoja
aliyeomba radhi kwa mabaka yake.
Mimi ndiye niliyejumlisha usiku, chai ikipoa,
nikitoa makubaliano ambayo hata sarafu mbili
zikirushwa gizani zingeyapata.
Kilichobaki cha macho: kiasi. Si haba, si tele.
Cha utepe, usiniulize.
Cha maumivu kilisimama vizuri zaidi:
ukilisukuma kombe kwa kiganja, mkono ukapanda,
ukauliza, "Yamepungua?",
wote wawili walisikia ndiyo ileile.
Si ajabu. Jibu lilitoka kinywani mwake,
sisi tulikuwa makarani tu.

Ila Etelka wa Jumatatu alisema sita,
Etelka wa Jumatano, tatu,
na kati yao hapakuwa na tiba yoyote
ila usingizi, na mama yake aliyekuja kumfulia.

"Basi kombe langu zima au bovu?"
Vilmos akamtazama Réka. Réka akaitazama hita.
Nilitaka kusema: kipimo si mwongo,
ni shahidi aliyekuwapo, lakini alisimama mbali
na jua lilikuwa usoni mwake.
Nikasema hatujui bado.

Akaanza kuvaa koti. Mkono wa kulia ukakwama
nusu ya njia, kiwiko hewani, meno yameumana.
Réka alikuwa akieleza habari za tramu namba mbili;
kiganja chake kikaenda chenyewe chini ya kombe,
kikasukuma juu, kidogo,
na mkono ukapita.

Hakuna aliyekuwa na kalamu.